Kifungua Mlango cha Nyumba Yangu Mwenyewe

Aibu hii nimeificha karibu miaka miwili, na ningeendelea kuificha kama fundi wangu asingekuwa anaisimulia kila anapokaa na watu kunywa ulanzi, tena anaisimulia kwa kuongeza (eti nilipiga magoti; sikupiga magoti, niliinama kuokota karatasi), kwa hiyo bora niiseme mimi mwenyewe kama ilivyokuwa, watu wacheke mara moja yaishe.

Lakini kwanza mjue nilikotoka, maana mkasa bila mwanzo ni umbea. Mimi nimekaa Johannesburg miaka tisa. Nilianza kwa kubeba ndoo za rangi, nikamaliza nikiwa msimamizi wa mafundi kumi na wanne, na katikati hapo nikasoma masomo ya jioni nikiwa na rangi kwenye kucha mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa biashara, ambayo ipo ukutani ofisini kwangu, anayetaka aje aione. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Niliporudi Mbeya nikatangaza kwamba kazi yangu sasa ni kununua nyumba zilizochoka, kuzikarabati na kuziuza, kama nilivyoona wenzetu wakifanya kule.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Dada yangu Tusekile, anayeuza mchele wa Ubaruku sokoni Mwanjelwa, aliniuliza, "Kwani nyumba nazo siku hizi ni mitumba?" Mzee Salumu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na mzigo wa vitambaa na ukoo mzima haujawahi kukosea bei tangu siku hiyo, aliniambia, "Kijana, mtu wa huku hauzi nyumba. Nyumba yake huuzwa na wanawe wakishagombana." Na baba mdogo Anyosisye wa Uyole ndiye aliyemaliza kazi, mbele ya ukoo wote, msibani, watu wakiwa na sahani mikononi: "Huyu? Huyu hawezi kujenga hata banda la kuku."

Na hao hao watatu ndio walionikopesha. Dada alitoa akiba yake ya kikundi, Mzee Salumu akanipa bati na saruji kwa maneno tu, na baba mdogo akauza ng'ombe wawili. Nilipomuuliza kwa nini ananipa wakati haniamini, alisema, "Nakupa ili ushindwe vizuri, usije ukasema ni kwa sababu ulikosa mtaji." Kwa hiyo muelewe nilichobeba kichwani: nikishindwa, sipotezi nyumba tu, napoteza ng'ombe wa baba mdogo, akiba ya dada, na kila msiba nitakaohudhuria mpaka nife nitakuwa mimi ndiye hadithi.

Nyumba niliipata Iringa mjini, ya mwalimu mstaafu aliyehamia kwa watoto wake. Vyumba vinne, matofali ya kuchoma, kuta nzuri, lakini bati limeota kutu, dari imeoza, choo kiko nje karibu na kwa jirani kuliko kwa mwenyewe. Fundi nikampata hapo hapo, Fundi Luvanda, mtu wa Kalenga, mrefu, anaongea polepole kama anayelipia kila neno. Kazi zake nilizitembelea moja baada ya nyingine na sikuona ufa. Nikamwambia sitaki kumwajiri, nataka tuwe wabia. Mimi natoa nyumba na vifaa, yeye anatoa ufundi na kusimamia vibarua, tukiuza faida tunagawana, sitini zangu na arobaini zake.

Mkataba niliandika mwenyewe. Mwanasheria mmoja alinitajia bei ya kuniandikia nikamwambia ninayo diploma. Kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza, vifungu ishirini na mbili, kila ukurasa na mahali pa kutia sahihi chini. Tuliutia sahihi kwenye mgahawa wa supu karibu na stendi. Luvanda aliugeuza geuza, akasema, "Bosi, Kiingereza changu ni kile cha kwenye mfuko wa saruji. Nitafsirie inayonihusu."

"Yote inakuhusu," nikamwambia.

"Basi nitafsirie inayohusu kula."

Nikamweleza kwamba hakuna malipo mpaka nyumba iuzwe, ndipo atachukua asilimia zake arobaini zote kwa mkupuo. Hiyo ilikuwa fahari ya mkataba wangu. Niliona kule Johannesburg mafundi wakilipwa kila wiki wanavuta kazi mwaka mzima. Nikasema wangu hatalipwa wiki wala mwezi, tamaa ya mwisho ndiyo itamkimbiza. Luvanda akanywa supu, akasema, "Na mpaka siku hiyo, mke wangu apike asilimia?" Nikacheka. Nikamgonga bega. Akatia sahihi, kwa sababu mwaka ule kazi zilikuwa hakuna, na hilo nilikuwa nalijua.

Sasa uamuzi mdogo ulioniua ni huu. Bajeti yangu ilikuwa na mstari wa mlinzi. Nyumba ya ukarabati bila mlinzi unaamka unakuta hata mlango umeondoka. Nikautazama ule mstari, nikauona ni hela ya bure, nikaufuta, na mahali pake nikaandika kifungu cha saba: fundi ataishi ndani ya nyumba bila kodi hadi kazi ikamilike. Nikaona nimepata mlinzi wa bure mwenye nyundo. Na kwa kuwa sikutaka mtu aje kunidai kasoro baadaye, nikaongeza kifungu cha tisa kwamba kazi itahesabika imekamilika siku ambayo fundi mwenyewe atatia sahihi kuwa imekamilika, ili likitokea la kutokea lawama iwe yake. Na cha kumi na moja, kwamba hakuna atakayeuza kabla ya kukamilika. Nilijipongeza. Kweli nilijipongeza, niliagiza supu ya pili.

Nikarudi Mbeya kwenye ofisi yangu (meza moja, viti viwili, kibao cha Mkurugenzi) nikawa nasimamia kwa simu. Mwezi wa kwanza kazi ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Bati jipya likapanda, mbao za Mafinga zikafika, dari, choo cha ndani. Mwezi wa pili Luvanda akanipigia, nami nilikuwa na watu nawasimulia mafanikio yangu. Akasema, "Bosi, kodi ya vyumba vyangu imenishinda. Naomba mama Sara aje tukae naye hapa, anipikie, tupunguze gharama." Nikaona wale watu wananisikiliza, nikasema kwa sauti ya mkurugenzi, "Fundi, si mkataba unakuruhusu kuishi? Lete hata wakwe zako!"

Watu wakacheka. Shikeni hilo neno, nitalirudia.

Kuanzia hapo kazi ikaanza kupungua mwendo. Kila wiki alinitumia picha, na picha zilikuwa nzuri, lakini zote zilipigwa kwenye kona ile ile ya sebule, kama vile nyumba ina kona moja. Nikiuliza za jikoni, ananiambia mwanga hautoshi. Picha moja ilikuwa na mkia wa kuku pembeni. Nikauliza, akajibu, "Wa jirani." Kilichobaki kilikuwa kidogo sana: kofia za bati, vile vipande vya kufunika kilele cha paa, kwenye kibaraza cha nyuma, rangi ya mwisho chumba kimoja, na mlango wa stoo. Mwezi wa tano bado kofia za bati. Mwezi wa sita bado. Wa saba nikaona huyu ananichezea, na huku dada Tusekile ameanza kunisalimia kwa kuniuliza "Iringa hawajambo?", nikajua salamu hiyo si ya kuwauliza watu wa Iringa.

Nikaamua kutafuta mnunuzi mwenyewe, nikampata, tena mzuri: Bi Zuhura, mama wa makamo mwenye maduka mawili ya nguo pale Iringa, mpole, hela anayo, anataka nyumba ya kumstarehesha mama yake mzee. Nikamwambia nyumba imekamilika (uongo wa kofia za bati si uongo mkubwa). Tukapanga Jumamosi. Luvanda sikumwambia. Kwenye diploma tulifundishwa kwamba ukaguzi wa kushtukiza ndio ukaguzi. Alhamisi alinipigia, nikakata, nikamwandikia kuwa niko kikaoni atume ujumbe. Ukaja ujumbe mrefu kama barua ya posa, nikasoma mstari wa kwanza tu, "Bosi, Jumamosi tutakuwa na wageni kidogo hapa nyumbani," nikajua ni mafundi wenzake, nikamjibu, "Sawa, endelea."

Jumamosi nilitaka kuonekana. Nilikodi gari kubwa jeupe lenye vioo vyeusi. Nilivaa suti. Nyuma ya gari niliweka kreti mbili za soda za kusherehekea biashara, na blanketi jipya zito, lile la maua, zawadi ya mteja, kwa sababu Iringa ni baridi na mimi ni mtu wa kufikiria vitu kama hivyo. Bi Zuhura akapanda nyuma na kaka yake, Bwana Hamisi, aliyevaa kanzu na koti, mtu wa kukohoa tu bila kusema. Saa sita kasoro tukaingia mtaani.

Kwenye geti nikaona matawi ya kijani yamefungwa. Ndani kuna turubai. Gari liliposimama tu, wanawake kama ishirini wakatoka wakiimba na kupiga vigelegele, wamevaa vitenge vya sare, wakatuzunguka kwa salamu za Kihehe. "Kamwene! Kamwene!" Bi Zuhura akaniangalia kwa furaha. "Ndiyo mapokezi haya?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikajisemea: kumbe Luvanda amesikia juu ya mnunuzi, amepanga mapokezi, kijana ana akili huyu, nitamwongezea. Nikapunga mkono. Nikashuka natembea juu ya kanga walizotandika chini. Wakafungua nyuma ya gari wenyewe, wakashusha soda, na blanketi likapita juu ya vichwa vyao likishangiliwa mpaka likafika kwa bibi mmoja mzee sana aliyekaa kwenye kigoda, wakamfunika nalo, bibi akafumba macho kwa raha. Nikaona si vibaya kama ni mila yao, nitanunua jingine.

Pembeni niliona viazi. Uwanja wote wa mbele, mahali ambapo kwenye mchoro wangu pana bustani ya majani, pamelimwa matuta ya viazi vilivyochanua maua meupe. Na kuku. Kuku wa jirani walikuwa kumi na mbili.

Tukafika mlangoni (mlango wangu, mninga, niliuchagua mwenyewe) tukakuta umefungwa, na mbele yake amesimama mama mnene, mkono kiunoni.

"Mmechelewa," akasema. "Mlisema saa nne. Hii saa ngapi?"

"Samahani mama, barabara," nikasema, bado nacheka.

"Barabara haijawahi kuoa. Faini ya kuchelewa baadaye, wazee watasema. Kwanza mlango huu una wenyewe. Leteni kifungua mlango."

"Mama," nikamwambia, "mwenye mlango ni mimi."

Wanawake wakaanguka kwa kicheko. "Aisee, safari hii wametuletea mshenga mwenye maneno!" Yule mama akanipiga kofi la begani. "Kila anayekuja kuoa husema mlango ni wake. Lipa, mwanangu, jua linachoma."

Hapo ndipo akili ilipoanza kurudi, taratibu, kama mtu anayeamshwa kwa maji ya baridi. Posa. Mahari. Kuna binti anatolewa mahari ndani ya nyumba yangu, na hawa wananidhani mimi ni upande wa mwoaji. Nikaanza kusema, "Hapana, sikilizeni," lakini Bi Zuhura, ambaye ni mtu mzima na anajua mlango wa shughuli unavyofunguliwa, akafungua pochi yake, akatoa noti, akamkunjia yule mama kiganjani. Vigelegele. Mlango ukafunguliwa. Kwa hiyo mnunuzi wangu ndiye aliyelipa ili mimi niingie kwenye nyumba niliyokuwa nataka kumuuzia.

Sebuleni kulikuwa na watu kama thelathini kwenye mabenchi. Marumaru yangu yamefunikwa mikeka. Ukutani, vitambaa vya kufuma. Na kwenye kiti cha katikati, Luvanda, na koti la suti ambalo sikujua analo, tai, viatu vinang'aa. Aliponiona alisimama nusu, akabaki hivyo, si kusimama si kukaa.

Na huko nje, honi. Gari la pili, la tatu. Wageni wenyewe wamefika, kutoka Mafinga, na mshenga wao na kreti zao na blanketi lao, na mlangoni yule mama mnene anauliza kwa sauti kali, "Nyinyi tena ni nani?"

Ningenyamaza hapo, mambo yangeisha. Ningesema nimepotea njia, nikarudi Jumatatu. Lakini mimi, mwenye diploma, mwenye suti, mbele ya mnunuzi wangu, nikajisikia nimefanywa mjinga, nikapandisha sauti mpaka nje wakasikia: "Hii nyumba ni yangu! Nimeinunua mimi! Huyu ni fundi tu!"

Watu wote wakageuka kunitazama. Hata kuku, nafikiri.

Mlangoni alikuwa amesimama mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, Mzee Mgaya, baba mkubwa wa yule kijana aliyekuja kuoa, mtu wa kiwanda cha mbao. Akavua kofia. Akamuuliza Luvanda, polepole, "Fundi. Nyumba hii ni ya nani?"

Luvanda akasema, "Mzee, mimi sikuwaambia ni yangu. Niliwaambia naishi hapa. Naishi hapa kwa karatasi." Akaingia chumbani, akatoka na mkataba wangu, kurasa zote kumi na moja, umetunzwa ndani ya mfuko wa nailoni. "Bosi ameuandika mwenyewe. Mimi siujui, ni Kiingereza. Anayejua asome."

Nikanyoosha mkono niuchukue, ukaniponyoka ukaanguka (ndipo nilipoinama, na ndiyo habari yote ya kupiga magoti), na nilipoinuka, Mzee Mgaya alikuwa ananitazama. "Si wewe. Wewe umeshasema. Asome mwingine." Na mwingine aliyejua Kiingereza cha kusoma mbele za watu akawa Bi Zuhura. Akavaa miwani. Akasoma kifungu cha saba, akakitafsiri. Watu wakasema "Aaah." Akasoma cha tisa, akakisoma tena kimoyomoyo, akakitafsiri. Mtu nyuma akauliza, "Yaani fundi asiposema imeisha, haiishi?" "Haiishi," akasema Bi Zuhura. Akasoma cha kumi na moja. Kisha akavua miwani, akanitazama kwa huruma, hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

"Kijana wangu," akasema, "umenileta kununua nyumba ambayo wewe mwenyewe umejikataza kuiuza."

Mtu akacheka, halafu mwingine, halafu wote. Yule mama wa mlangoni akauliza, "Ndiye huyu mwenye diploma anayesemwa?" Kumbe nilikuwa nasemwa.

Nikamgeukia Luvanda, nikamwambia kwa hasira iliyobaki, "Kofia za bati! Miezi mitatu kofia za bati! Na mimi nilikuruhusu uishi, sikukuruhusu shughuli."

Hakupandisha sauti. "Bosi, kofia za bati ni kazi ya siku moja. Nikizimaliza, nalala wapi? Nilianza kazi yako nikiwa na vyumba viwili vya kupanga na mafundi wananiita mzee. Miezi saba hujanipa hata ya chumvi. Mama Sara amelima hivyo viazi ndivyo tunavyokula na kuuza. Binti yangu amepata mtu. Ulitaka aposwe wapi, stendi? Nikakutumia ujumbe, ukaniambia sawa, endelea. Na siku ile kwenye simu si uliniambia nilete hata wakwe?" Akaonyesha mlangoni. "Ndio hao."

Nikaupekua mkataba wangu kichwani. Mtu mwenye vifungu ishirini na mbili sikuwa na hata kimoja. Nikamwona Sara mwenyewe kwenye upenyo wa mlango wa chumba, kitambaa cheupe kichwani, analia bila sauti, na hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Si kwamba nimeaibika mimi. Nimemvua baba wa watu nguo mbele ya wakwe zake siku ya mahari.

Mzee Mgaya akavaa kofia yake. Akasema, "Sisi tumekuja kuoa binti. Hatukuja kuoa bati." Akakaa. Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilifika Kalenga. Kisha akanielekezea kidole. "Ila huyu amevuruga kikao. Kikao kikivurugwa kuna faini. Mbuzi." Wazee wa pande zote mbili, ambao mpaka dakika hiyo hawakuwa wamekubaliana jambo lolote, wakakubaliana kwa pamoja kuhusu mbuzi wangu. Nikalipa. Nikamwomba radhi Luvanda, kwa kusimama, na nikamwomba radhi mke wake, aliyenitazama tu akasema, "Kaa ule, shemeji, chakula kitapoa." Nikala. Kuku wa jirani alikuwa mtamu.

Bwana Hamisi, yule wa kukohoa, alipomaliza kula akazunguka nyumba yote mikono nyuma. Akarudi akamwambia dada yake maneno mengi kuliko niliyomsikia siku nzima: bati halivuji, masika yote limekaa juu ya watu, jiko linavuta moshi vizuri, choo kinatumika na hakinuki, bawaba zimeshatiwa mafuta. Nyumba iliyokaliwa na mtu anayejua, kila kilichomsumbua ameshakirekebisha. Bi Zuhura akaniambia akiwa anapanda gari, "Nitarudi. Lakini nikirudi nikute karatasi ya Kiswahili, na sahihi ya fundi, na huyo binti ameshaolewa kwa heshima kutokea hapa. Na viazi vya watu viwe vimevunwa. Siwezi kumhamisha mama yangu juu ya viazi vya mwenzangu."

Jumatatu yake tulikaa mimi, Luvanda na mama Sara kwa mwenyekiti wa mtaa. Mkataba mpya ulikuwa ukurasa mmoja. Fundi analipwa kidogo kila hatua, ya kula, na mwisho asilimia zake thelathini badala ya arobaini, yeye mwenyewe ndiye aliyepunguza, akasema ya kula leo ni tamu kuliko ya mwakani. Tarehe ya kumaliza iliandikwa, na wa kusema kazi imeisha ni mwenyekiti baada ya kuiona, si fundi wala mimi. Kukaa kwao kulikuwa mpaka harusi ipite na viazi vitoke, kisha familia inahama na hela ya kupangia mkononi. Mama Sara alisomewa yote mara mbili, akauliza, "Na mlinzi tukihama?" Nikasema mlinzi atalipwa. "Na nani?" Nikasema, na mimi. "Andika," akasema. Nikaandika.

Nililipa hela ya hatua ya kwanza pale pale. Kofia za bati zilipanda Jumatano. Siku moja, kama alivyosema.

Bi Zuhura alirudi baada ya mavuno, akatoa bei chini kidogo ya niliyoitaka, akasema alichopunguza ni kile kifungua mlango na faida yake. Sikubishana.

Walionikopesha niliwalipa wote siku moja, kwa makusudi, nimevaa suti ile ile. Dada Tusekile alipokea juu ya gunia la mchele, akaniambia, "Kumbe Iringa hawajambo." Mzee Salumu alipokea, akaziingiza kwenye droo ya meza, akasema kwa wanawe, "Mpeni kiti," na mtu ambaye hajawahi kupewa kiti kwenye duka lile hawezi kujua nilivyojisikia. Mwisho nikapanda Uyole kwa baba mdogo Anyosisye. Nikamwekea mezani hela za ng'ombe wawili, na juu yake ya ndama, kwa sababu ng'ombe angekuwa amezaa, mimi naelewa mambo hayo. Alizitazama bila kuzigusa. Habari za Iringa alikuwa amezisikia zamani, tena zile za Luvanda, za kupiga magoti.

"Ndaga," akasema hatimaye. Asante. Akaziweka mfukoni, akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha kipande cha ardhi karibu na migomba. "Nataka banda la kuku hapo. Wewe na fundi wako. Nitalipa."

Nikamwambia tutalijenga, baba, tutaandikishana ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mbele ya mwenyekiti wako.

"Vizuri," akasema. "Na usiku, wakati linajengwa, atalala nani humo? Maana nina kuku tu, sina binti wa kuozesha."

Nikamwambia tutaweka mlinzi. Namlipa mimi, kila mwisho wa mwezi, kabla sijala.